Msitu Mkubwa Juu ya Mchanga Mtupu



Sote tumesikia kanisani habari ya yule mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Juma hili nataka kuwasimulia habari ya watu ambao hawakuwa wapumbavu hata kidogo. Walikuwa watu wa bidii na wa sala, wakalima mashamba juu ya mchanga bila kujua, kwa sababu msitu mkubwa ulikuwa umeufunika. Mambo haya yalitokea mbali, huko Marekani, katika jimbo la Michigan, tangu miaka ya 1870 hivi mpaka miaka ya 1930. Nayaleta mbele yenu kwa kuwa kosa lao ni lile ambalo mkulima ye yote aweza kulifanya: kuutazama mti ulivyo mrefu na kusema moyoni, "Hapa pana rutuba," asichimbe hata jembe moja kuona kilicho chini.

Kwanza yafaa tujue mchanga huo ulitoka wapi.

Michigan imezungukwa na maziwa makubwa. Ziwa Michigan lipo upande wa magharibi na Ziwa Huron upande wa mashariki, na kila moja lakaribia Ziwa Victoria kwa ukubwa. Zamani sana, kama miaka 20,000 iliyopita, nchi hiyo yote ilikuwa chini ya barafu. Sisemi ule umande mweupe wa asubuhi unaoyeyuka jua likichomoza. Nasema barafu iliyo nene kama mlima, ambayo unene wake wakadiriwa kufika maili moja na zaidi mahali pengine. Ilitoka upande wa Kanada, ikatambaa polepole kuelekea kusini. Katika kutambaa ilikwangua miamba, ikaivunja, ikaisaga kama mama asagavyo mtama juu ya jiwe, ikachukua yote ndani yake: mawe, changarawe, mchanga na vumbi la udongo.

Kisha hali ya nchi ikapata joto, na barafu ikaanza kuyeyuka. Hapo ndipo jambo letu linapoanza. Mahali ambapo barafu iliyeyuka papo hapo, ilimwaga mzigo wake wote bila mpango, mawe pamoja na udongo, kama mtu aliyechoka atuavyo kapu njiani. Udongo wa mahali hapo umechanganyika, na mara nyingi wafaa kulimwa. Lakini mahali pengine maji ya barafu yalitoka kwa nguvu, yakawa mito mingi iliyosambaa tambarare, nayo yakauchambua ule mzigo. Wale wanaokaa karibu na korongo wamekwisha kuyaona maji yakifanya kazi hiyo. Baada ya mafuriko, mawe mazito hubaki juu kwenye maporomoko. Changarawe hufuata. Mchanga hutuama pale maji yanapopunguza mwendo. Tope lenyewe, ambalo ndilo chakula cha mimea, huendelea na maji mpaka mbali. Huko Michigan tope lilikwenda zake ziwani, na mchanga ukabaki. Katika sehemu za kaskazini, mizigo hiyo iliyoachwa na barafu ina kina cha zaidi ya futi 800 mahali pengine. Ukichimba kisima waweza kushuka siku nyingi usikutane na mwamba.

(Hata sisi tuna kazi ya barafu katika pande zetu za Afrika ya Mashariki. Juu ya Kilimanjaro, na juu ya mlima Kenya na Ruwenzori, yapo matuta ya mawe yaliyoachwa na barafu ilipokuwa inashuka chini kuliko leo. Ila huko ni juu sana, wala hapana mtu anayelima.)

Barafu ilipokwisha kuondoka, yapata miaka 11,000 na zaidi iliyopita, mchanga ule ulibaki uchi. Miti ikaja polepole. Misonobari ilikuja, ile miti ya majani kama sindano mnayoiona imepandwa Sao Hill. Ikaja pia miti ya majani mapana, na mmojawapo ni ule ambao watu wa huko hugema maji yake mwishoni mwa majira ya baridi, wakayachemsha mpaka yakawa mazito kama asali. Maelfu ya miaka miti hiyo ilidondosha majani yake juu ya mchanga, na theluji ikayafunika kila mwaka, na kila mwaka theluji ikayeyuka.

Sasa tuchimbe shimo. Tuchimbe katika udongo ambao wataalamu waliuita Kalkaska, kwa jina la wilaya moja ya huko. Uliandikwa katika orodha ya udongo wa Marekani mwaka 1927, na mwaka 1990 ulifanywa kuwa udongo rasmi wa jimbo la Michigan, kama vile nchi nyingine zichaguavyo ndege au ua. Waenea mamia ya maelfu ya ekari katika wilaya 29.

Juu kabisa utakuta majani makavu, na chini yake mboji nyeusi, nyembamba, yenye kina cha vidole vichache tu. Ukiipita hiyo utashangaa. Chini yake mchanga ni wa kijivu cheupe kabisa, kama majivu ya jikoni. Mkulima akiuona hudhani kwamba zamani msitu uliungua hapo. Wakulima wa Urusi nao walidhani hivyo kwao, wakauita podzoli, maana yake "chini pana majivu", na wataalamu wa dunia nzima wamelishika jina hilo. Lakini siyo majivu. Ni mchanga uliooshwa. Majani ya msonobari yakioza hutoa maji yenye uchachu, na maji hayo yakishuka huchukua chuma iliyoshikamana na kila chembe ya mchanga, huiacha chembe nyeupe kama mfupa.

Endelea kuchimba. Ghafula rangi yageuka kuwa kahawia nyekundu, kama kutu ya jembe lililoachwa kwenye mvua. Hapo ndipo chuma ile iliposimama, pamoja na weusi wa mboji ulioshuka nayo. Mahali pengine imeshikana kuwa mabonge magumu mfano wa tofali lililochomwa nusu, na koleo hulia juu yake. Chini ya hapo rangi yafifia kidogo kidogo mpaka ukaukuta mchanga wa manjano hafifu, ule ule ulioachwa na maji ya barafu, ambao haujabadilika sana tangu siku ile.

Jambo moja lilinishangaza nilipolijua. Mahali penye theluji nyingi ndipo rangi hizo zilipo kali zaidi. Theluji nene hufunika udongo kama blanketi, usigande. Na inapoyeyuka wakati wa masika yao, maji hushuka pole pole, majuma mengi mfululizo, yakiosha na kuosha. Ukienda mahali penye theluji haba, mchanga ni ule ule, umeletwa na maji yale yale, lakini rangi zake ni hafifu sana. Udongo wa namna hiyo wa pili waitwa Grayling, nao ni maskini kuliko Kalkaska. Juu ya Kalkaska huota miti mikubwa ya majani mapana. Juu ya Grayling hakuna anayependa kukaa ila msonobari mmoja mfupi, mgumu, uitwao msonobari wa Jack, ambao hauombi mengi.

Tena, katika mchanga wa chini kabisa, mara nyingine kuna nyuzi nyembamba za udongo mfinyanzi, moja juu ya nyingine, kila moja si nene kuliko kidole. Mtu apitaye juu hawezi kuziona. Lakini mizizi yazijua. Penye nyuzi hizo maji hayapotei haraka, na miti huwa mirefu kuliko ile ya jirani, ingawa udongo wa juu ni mmoja.

Sasa msomaji ataniuliza: Ikiwa mchanga huu ni maskini hivyo, msitu mkubwa ulikulaje? Misonobari mingine ilikuwa na zaidi ya futi 100, na watu wawili wakinyosha mikono hawakuweza kuizunguka.

Jibu ni hili. Msitu ule haukula mchanga. Ulijila wenyewe. Jani likianguka lilioza, na kabla maji hayajaipeleka chini ile chumvi yake, mizizi mingi midogo iliyojaa katika mboji iliidaka, ikisaidiwa na nyuzi za uyoga zilizo nyembamba kama utando wa buibui, ikairudisha juu kwenye mti. Mwaka uliofuata jani jingine likaanguka. Ilikuwa kama nyumba isiyo na ghala, ambayo kila siku hupika kile kile kilicholetwa asubuhi, lakini kwa kuwa hakuna anayeiba wala kumwaga, watoto wananenepa. Mali yote ya msitu ilikuwa katika miti yenyewe na katika zile inchi chache za mboji. Chini ya hapo palikuwa na mchanga, na mchanga hauweki akiba. Futi moja ya mchanga mtupu haishiki hata inchi moja ya maji yanayoweza kunywewa na mimea; udongo wa tifutifu waweza kushika kama inchi mbili. Mvua ikikatika siku kumi tu, mimea yenye mizizi mifupi yalia njaa na kiu pamoja.

Wenye kukata magogo hawakuwa na haja ya kujua hayo. Kwa miaka mingi, tangu 1870 hivi mpaka karibu na 1900, Michigan ilitoa mbao kuliko majimbo mengine ya Marekani. Miji mingi ilijengwa kwa misonobari hiyo, na mashamba ya nchi tambarare za magharibi yalipata nyumba na maghala. Walichukua magogo, wakaacha matawi, magome na vilele vikikauka juani. Miguu ya watu ilipokwisha kuondoka, moto ukaja.

Tarehe 8 Oktoba 1871, siku ya Jumapili, ng'ambo ya Ziwa Michigan katika jimbo jirani la Wisconsin, upepo uliichukua mioto midogo ya wakataji na ya wakulima ukaifanya moto mmoja. Mji wa Peshtigo uliteketea usiku huo, na watu zaidi ya 1,200 walikufa katika nchi ile. Wakatoliki wengi wanajua jambo lililotokea karibu na hapo. Watu walikimbilia kanisa dogo la Mama Maria lililojengwa kwa ajili ya Adele Brise, binti Mbelgiji, aliyesema kwamba Bikira Maria alimtokea mwaka 1859. Walikwenda na ng'ombe wao, wakaizungusha sanamu ya Mama Maria wakisali, na moto ukaizunguka ile ardhi pasipo kuila. Asubuhi mvua ikanyesha. Mwaka 2010 Askofu wa Green Bay alithibitisha kwamba matokeo yale yanastahili kusadikiwa na waamini. Siku ile ile ya 1871 mioto iliwaka pia katika Michigan. Na tarehe 5 Septemba 1881 ukaja mwingine huko huko, ulioua watu 282 na kuunguza zaidi ya ekari milioni moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Msalaba Mwekundu wa Marekani katika kusaidia watu wa maafa.

Tunahesabu maiti na nyumba, na ni haki. Lakini mara chache tunahesabu kitu kingine kilichoungua, tena kilichoungua mara kwa mara kwa miaka mingi, mahali pengi pasipoandikwa gazetini. Mboji iliungua. Zile inchi chache zilizokuwa ghala pekee la mchanga ule, zilizokusanywa kwa maelfu ya miaka, ziligeuka moshi kwa alasiri moja. Kilichobaki ni yale majivu ya kweli juu ya yale majivu ya uongo.

Ndipo wakulima walipoletwa. Makampuni ya mbao hayakutaka kulipa kodi ya nchi isiyo na miti, na makampuni ya reli yalitaka abiria na mizigo, basi wote wakaitangaza ardhi ile kuwa shamba zuri, rahisi kulima, isiyo na mawe. Katika neno la mawe walisema kweli. Watu wakaja, wengine wakitoka Ulaya, wakiwa na akiba ya maisha yao yote. Waling'oa visiki, na hiyo siyo kazi ya mchezo. Mwaka wa kwanza, kwa nguvu ya majivu na mboji iliyosalia, viazi vilikubali. Mara nyingi mwaka wa pili navyo vilikubali kidogo. Baba akasema, "Mungu ametubariki," akakopa pesa akajenga banda. Mwaka wa tatu au wa nne mavuno yalipungua, na yaliyofuata hayakutosha mbegu. Tambarare zile nazo zina hila nyingine: usiku baridi nzito hushuka na kutulia kama maji bondeni, na jalidi, yaani umande ulioganda, huweza kuunguza mimea hata katikati ya kiangazi chao.

Nikifikiri juu ya watu hao siwezi kuwacheka. Jirani hakumwambia jirani, kwa sababu kila mmoja alidhani uvivu ni wake. Mume alimlaumu mke kwa kutopalilia, na mke alimlaumu mume kwa kuchagua mahali pale. Hakuna aliyelaumu mchanga. Mwishowe walifunga mlango wakaondoka, na kodi ikabaki bila kulipwa, na serikali ikairudisha ardhi mikononi mwake. Kwa njia hiyo mamilioni ya ekari yalirudi kwa jimbo.

Mwaka 1903 jimbo lilianza kutenga misitu ya hifadhi katika wilaya za Crawford na Roscommon, na kuanzisha kitalu cha miche karibu na Ziwa Higgins. Tena mwaka 1922 lilianza kufanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilipasa kufanywa kabla ya kuuza ekari hata moja: lilituma watu kutembea nchi nzima ya kaskazini wilaya kwa wilaya, wakichimba mashimo na kuandika kwenye ramani udongo ulivyo, ili ijulikane ni wapi panafaa shamba na wapi paachiwe miti. Wakati wa taabu ya miaka ya 1930 vijana wasio na kazi waliwekwa kambini, na tangu 1933 mpaka 1942 walipanda katika jimbo hilo miti zaidi ya milioni 480. Leo misitu ya jimbo ina eneo la ekari karibu milioni 4. Ukitembea ndani yake, katikati ya misonobari iliyopandwa kwa mistari, mara unakuta mti wa tofaa peke yake, na shimo la mraba lenye mawe pembeni. Palikuwa nyumbani kwa watu.

Hata mchanga wa Grayling, ule maskini kuliko wote, uliokuja kudharauliwa, una mtu wake. Yupo ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, aitwaye shore wa Kirtland, ambaye hutaga chini, tena chini ya msonobari wa Jack ulio mchanga, wa miaka 5 mpaka 20 hivi. Mchanga ule hunyonya mvua haraka, na kiota chake hakifuriki. Koni za msonobari huo nazo hukaa zimefungwa mpaka joto la moto lizifungue. Watu walipozuia kila moto, misonobari michanga ikapungua, na ndege naye. Mwaka 1974, na tena 1987, walihesabu madume 167 tu yanayoimba. Wakaanza kupanda misonobari kwa ajili yake, na mwaka 2019 akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Wakati wa baridi huruka mpaka visiwa vya Bahama.

Maji yapitayo kwenye mchanga hayapotei bure. Hushuka, husafiri chini polepole, hutoka tena kuwa chemchemi. Kwa hiyo mto Au Sable, unaopita katika tambarare zile, haukauki wakati wa kiangazi wala haufuriki ovyo, na maji yake ni baridi, safi, yenye samaki. Lakini kumbukeni kwamba mchanga hauchagui. Siku hizi wako wanaolima viazi kwenye udongo wa namna hiyo kwa kumwagilia na kutia mbolea nyingi ya dukani, nao huvuna vizuri. Ila mbolea isiyoliwa na mmea hushuka moja kwa moja kisimani. Maji yenye chumvi ya mbolea kwa wingi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya unga. Hewa ya damu humpungukia, naye hubadilika rangi ya midomo. Choo kilicho juu ya kisima katika mchanga kina hatari yake pia.

Wengi wenu mnalima mchanga. Wasukuma wanao ule wauitao luseni, na ndugu wa Tabora wanajua mchanga wa miyombo. Huo haukuletwa na barafu; umetokana na mawe ya itale yaliyooza mahali pale pale kwa miaka isiyohesabika. Siyo ndugu wa Kalkaska kwa kuzaliwa, ila kwa tabia wanafanana: maji hupita, chumvi huoshwa, na mboji ndiyo ghala. Kabla ya kufyeka mahali papya, chimbeni shimo la kina cha kiuno. Shikeni udongo wa kila rangi mkononi, mwutie maji kidogo, mjaribu kuuviringisha kama mwiko wa uzi. Ukikataa kabisa kushikana, ni mchanga. Ukikubali na kukatika, una tope kidogo. Ukipinda kama pete, ni mfinyanzi. Mwangalie hasa mahali mboji inapoishia, mpime kwa vidole. Kisha mjiulize itadumu miaka mingapi ikiwa majani yote yatachomwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kutengeneza mboji kwa mabua na samadi ya mbuzi, kwa wale ambao shimo lao limekwisha kuwapa jibu.